Ndoo Ishirini na Mbili

Daktari wa Bugando aliniambia: kimbia.
Hakuniambia niende wapi.

Basi Jumamosi, kabla jogoo hawajakubaliana,
nikajiunga na wenye fulana za njano pale Mabatini,
mimi fundi cherehani wa miaka hamsini na mitatu,
miguuni raba za mwanangu, zimenizidi kidole kizima.
Mchakamchaka! Chinja!
Mabatini hadi Kirumba, Kirumba hadi Mabatini,
tukaenda mikono mitupu, tukarudi mikono mitupu,
jasho likidondokea lami isiyolihitaji.

Marehemu babu, kule Magu, angecheka mpaka aketi chini.
"Mwamkimbiza nani? Ng'ombe kaibwa?"
Yeye alijua jembe na ngoma:
wanaume ishirini mstari mmoja, shamba la jirani,
mpini unarushwa, unadakwa, unashuka na pigo,
na jua likizama viuno vimelainika
na shamba limekwisha.
Neno mazoezi hakuwa nalo. Hakulikosa.

Aliyetusimamisha ni Nkwimba wa Bugarika,
anayekaa kule juu, jiwe linapombeba jiwe,
nyumba yake imeng'ang'ania mlima
kama kupe sikioni mwa fahali.
Tulimkuta chini, kaketi kando ya ndoo ya maji,
anatafuta pumzi ya safari ya tatu.
Akatutazama kama mtu anayetazama watoto wakimwaga uji.
"Nguvu zote hizo," akasema,
"na hakuna hata mmoja anayeelekea juu?"

Filimbi ya Lugiko ilibaki mdomoni, haina sauti.
Sayi, muosha magari, ndiye aliyeinama
akaibeba ile ndoo.

Ndivyo ilivyoanza. Msiniulize kikao wala katiba.
Tulichanga, lori likamwaga mchanga
pale njia ya gari inapokata tamaa.
Kutoka hapo ni miguu tu, ni njia ile
ambayo mvua ikinyesha mjamzito huishuka kwa makalio;
njia ambayo jeneza la mzee Mabula
lilisimamishwa wima, kama mtu anayepisha wenzake,
ndipo likapenya kati ya majabali mawili.

Kupanda na mchanga si kukimbia.
Paja linawaka, shingo inajifunza adabu.
Mbuke wa benki ana saa inayohesabu mapigo ya moyo;
ilipiga kelele mpaka akaivua, akaitia mfukoni.
Holo, mwenye mguu mmoja mfupi, alitupita sote.
Alizaliwa kwenye mlima huu,
mawe yote anayafahamu, mengine kwa majina.
Mimi nilihesabu. Saba. Nane. Kwenye ya tisa
nikasahau kwamba nimekuja kufanya mazoezi.
Kwenye ya kumi nilijuta kuzaliwa.
Kisha, juu, unatua, unageuka kurudi,
na ziwa lote liko pale limekaa,
kivuko cha Kamanga kijiti cha kiberiti,
na upepo unaingia ndani ya fulana
kama aliyekuwa akikungoja.

Tulijenga ngazi arobaini na moja.
Machi ikaja na mvua yake, ikachukua sita.
Tulidhani Nkwimba atatupa pole.
"Mlipunja saruji," akasema,
akaingia ndani, akatoka na sufuria ya viazi vitamu,
akavihesabu mbele yetu, kimoja kimoja, mtu na chake.

Jana daktari amenifunga ule mpira mkononi,
akatazama namba, akaupuliza tena.
"Unafanya zoezi gani?"
Ndoo ishirini na mbili, nikamwambia.
Akaandika. Mwandiko wao mnaujua.

Begani nimeota sugu, duara kama kifungo cha koti.
Nikiwa na futi yangu shingoni, napima suruali ya mteja,
vidole vyenyewe huenda kulipapasa.
Mteja hudhani nakadiria bei.

Nahesabu ngazi sita.

Jumamosi ni keshokutwa.