Mstari wa Kumi na Tatu

Chumba hiki kilikuwa ghala la karafuu.
Mpaka leo, kiyoyozi kikizimika,
kuta hutoa pumzi zake za zamani
na seva zetu hunukia kama sanduku la bibi harusi.

Wete, saa tano usiku.
Mizani ya Konde imelala, na ya Micheweni,
hakuna mkulima anayesubiri malipo yake.
Ndio wakati wangu.

Yapo mafiga matatu hapa:
moja la kukokotoa, moja la kuhifadhi,
moja la kupitisha.
Kila moja na duka lililotoka, na mwaka wake,
na nywila yake, na hasira zake.
Chungu kimekaa juu yake miaka tisa
hakijamwagika, ila ile mara moja
umeme ulipokatika siku tatu
nikalala hapa chini, kichwa juu ya boksi la betri.

Na hili ndilo kasha jipya, la majaribio,
limevuka kutoka Unguja limevikwa blanketi.
Yote yamo ndani, fikra na ghala na njia,
doti ya kanga ambayo haijakatwa.
Nadhir, kijana wa mauzo, anasema:
"Dada, hii unawasha tu."
Nimemwambia, hakuna kitu Pemba kinachowashwa tu.

Nina jedwali, mistari kumi na miwili.
Bei ya kununua.
Bei ya leseni, kila mwaka, mpaka kiama.
Joto lake. Unywaji wake wa umeme.
Kipande kikifa, kingine kinatoka wapi,
kwa siku ngapi,
na bahari ikichafuka, je?
Naandika, nafuta, naandika.

Saa sita kasorobo nikaushika waya
wa nodi ya pili, nikauchomoa
katikati ya hesabu, bila kuaga.
Nadhir akajishika kichwa.
Taa ya kijani ikawa manjano.
Tukanyamaza, feni zikapandisha sauti.
Sekunde kumi na moja.
Hesabu ya Bi Mgeni Khatib,
pishi sitini na nne za karafuu kavu,
ikaendelea pale pale ilipoachia,
kama mtu aliyepiga chafya kwenye kisomo
akairudia aya yake.

Nikaweka alama tisa. Ni haki yake.

Ndipo Nadhir, kwa furaha yake yote,
akanifunulia ukurasa wa mwisho wa kijitabu:
huhitaji tena mafundi watatu,
mmoja anatosha.

Tulikuwa watatu.
Khalfan, mtu wa hifadhi, yuko Maskati,
hunijibu Ijumaa baada ya swala, akikumbuka.
Nimebaki mimi na Bikombo,
miaka ishirini na miwili, anabana nyaya
vidole vikienda kama vya msusi,
anazijua rangi nane kwa mpangilio
kama wengine wanavyojua majina ya shangazi zao.
Kasha halina nyaya za kubana.

Mkurugenzi anataka jibu kesho,
ndiyo au la, karatasi moja,
asiumizwe kichwa.
Na ukweli ni kwamba kasha ni zuri.
Na mimi nimechoka na boksi la betri.
Nikifa usiku huu hakuna anayejua
kwa nini figa la pili huwashwa kabla ya la kwanza.
Hilo nalo ni kosa, na ni langu.

Nimeongeza mstari kwenye jedwali.
Sikujua niupe kichwa gani.
"Atakayebaki." Nikafuta.
"Mikono." Nikafuta.
Mwisho nimeandika jina tu, Bikombo Faki,
na kwenye kisanduku cha alama
kiashiria kinapepesa, kinapepesa,
na upande wa pili wa chumba
taa ya kasha ni kijani, imetulia tuli,
hata haijui kwamba ilichomolewa.