Gobori Dogo

Dukani kwa Velji, Kisumu,
babu Wekhomo aliwekewa magobori mawili.
Mtutu wa la kwanza ulimeza kidole gumba.
"Hili laangusha nyati," Velji akamsifia.
"Nyati sina. Nina kanga wanaonimalizia mtama,
na meno manne ya kutafunia."

Akalitwaa lile dogo, akalipuliza mdomoni
kama apozaye uji,
akasikiliza pumzi yatokea wapi.

Kijiko cha baruti. Kitambaa chenye mafuta ya kondoo.
Risasi isiyozidi punje ya kunde.

Chwele, akasimamisha gunzi kisikini.
Mlio mmoja.
Gunzi likabaki limesimama.

Akachomoa mdeki, akashindilia upya bila haraka,
moshi ungali ndevuni.

Bibi akachukua ungo,
akaenda kuchuma mboga.