Hali

Friji bovu la soda, mlango wake wa kioo,
nimelitoboa matundu kwa msumari wa moto,
nikatandika majani makavu ya mgomba,
na humo, tangu mavuno ya mpunga,
amejikunja chatu wa Cheju.

Jumbi nzima huniuliza: Mgonjwa wako hali gani?
Hali, nawajibu.
Wanangoja niendelee. Sina la kuongeza.
Hali.

Shaame alikwishainua jembe. Mie nikasema, ngoja.
Miaka thelathini na moja wodi ya watoto:
mkono wangu haujui kuacha kitu kife mbele yake,
wala haujajifunza kukiuliza kwanza
kama kinataka kupona kwangu.

Wiki ya kwanza nilimpa kifaranga.
Kifaranga akampanda mgongoni, akasinzia.
Asubuhi nikamrudisha kwa mama yake,
hana hata unyoya uliopinda.

Wiki ya tatu, panya mweupe wa maabara ya skuli,
keshakufa, nimempasha kwenye maji ya vuguvugu
nikipima joto kwa kiwiko, kama maziwa ya chupa.
Nikamchezesha kwa koleo la mkaa.
Chatu akageuza uso.

Hiyo naijua.
Mtoto aliyekataa titi hugeuza vivyo hivyo,
taratibu, hana hasira na mtu,
na mama yake huangalia sakafu
kama aliyetukanwa mbele ya wageni.

Maryamu akaniambia kwa juu ya ukuta wa uani: Msomee.
Nikamsomea. Nyoka hana masikio;
nadhani nilijisomea mwenyewe.

Kila Ijumaa namning'iniza kwenye mizani ya kliniki,
ndani ya foronya, kichwa kikichungulia.
Kilo tatu na robo. Kilo tatu na kidogo. Tatu kasoro.
Nimemfungulia kadi, nimechora mstari wake.
Mstari unateremka kama mtu ashukaye kisimani
na hakuna wa kumshikia kamba.

Nikaona labda ni macho yangu.
Nani angekula akitazamwa hivi?
Nikafunika kioo kwa kanga kuukuu,
maandishi yakageukia ndani, ayasome yeye:
NIACHE NILIVYO.

Wiki ya tisa nikachukua gunia, nikapanda gari la Cheju.
Yuko mtoto kule, Kidawa, hutega panya mashambani
kwa kopo la rangi na kipande cha muhogo.
Mia tano mmoja. Wa nini, bibi?
Wa mgonjwa.
Akarudi nyuma hatua mbili, pesa kazishika.

Sikumwosha yule panya.
Nilimwacha na tope lake jeusi la bondeni,
na harufu ya mabua yaliyolowa, harufu ya kwao.

Usiku umeme ukakatika.
Nikamweka, nikafunga mlango, nikashusha kanga,
nikakaa chini sebuleni, mshumaa sikuwasha.
Kwanza kimya.
Kisha sauti ndogo, kama mtu anayekunja mkeka
asiamshe waliolala.
Kisha kimya cha namna nyingine.

Asubuhi ana kivimbe, shubiri moja chini ya shingo.
Nikampigia Shaame, sauti inanitetemeka: Kala!
Nani kala?
Nikakata simu.

Maana nilikuwa nimelitazama gunia.
Nimekwenda nalo tupu mpaka Cheju
kumletea tonge moja la kwao,
na nauli ni ileile.
Gari ni lilelile.
Angeenea humo, yeye na kadi yake.

Lakini aliyeshiba habebwi; ukimtikisa hutapika
na zile wiki tisa zinaanza upya.
Basi siku saba.
Namwekea maji, simgusi.
Maryamu ananiuliza hali yake, namwambia anakula,
na sijui kwa nini nasema kama ninayeungama.

Gunia nimelifua.
Liko msumarini, linakauka.