Jua Lenye Kizibo

Kliniki ya Igloolik, Desemba tarehe tisa.
Saa sita mchana, taa zote zinawaka.
Leetia anamvua mwanawe viatu vya manyoya:
matege yameanza, miguu kama upinde wa Mhadzabe,
nami wa Singida sina mfano mwingine.

Nampa kichupa. Tone moja kila siku, juu ya ulimi.
Jua limo humu, namwambia.
Anacheka: jua gani hilo lenye kizibo?

Bibi yake, Ooleepeeka, hacheki.
Anahesabu kwa vidole vyenye makovu ya kisu:
samaki mbichi na ngozi yake,
ini la sili, mafuta ya nyangumi.
Hivyo ndivyo tulivyolila jua, anasema,
kabla duka halijatufundisha biskuti,
kabla petroli ya kwenda barafuni
haijaushinda mshahara wa mjukuu.

Sikumjibu. Mfukoni nilikuwa na karatasi
ya damu yangu mwenyewe, kutoka maabara ya kusini:
kiwango changu, chini kuliko cha mtoto.
Mimi! Niliyekua nikilikimbia jua,
nikilitukana, nikijitanda khanga hadi kisimani.

Jioni, na jioni hapa ni neno tu,
mlango ukagongwa.
Ooleepeeka, na mfuko wa plastiki wa dukani;
ndani yake kipande cha samaki, chekundu, kigumu kama kigae.

Kula, nesi.
Wewe walijua jua. Lenyewe limekusahau.

Nilikula nimesimama, glavu moja bado mkononi.