Kisanduku cha Saba

Tucumán, Julai, miwa inasagwa.
Majivu hupenya hadi humu zahanati,
huitangulia kalamu yangu kutua kwenye fomu.

Jina: Ailén Villagra. Miezi thelathini na mmoja.
Tumekaa magoti kwa magoti, mimi na mama yake,
mtoto kalala juu ya daraja la mapaja yetu,
kichwa kwangu, viatu kwa Zulma,
macho darini, anahesabu nyufa.

Hupigwa mswaki? Mara mbili kwa siku, anasema upesi,
kama aliyenong'onezwa jibu kwenye foleni.
Na nani?
Mwenyewe.
Mwenyewe! Mkono ambao bado haujui kifungo cha shati.
Natia alama.

Hulala na chupa?
King'ora cha zamu kinalia kiwandani,
Zulma anakiacha kilie mpaka kiishe.
Ya maziwa, mpaka tarehe kumi na tano.
Baada ya hapo, mate.

Mate: majani yetu ya kuchemsha,
sukari vijiko vitatu, maana sukari hawanunui,
Romualdo hupewa gunia kila msimu ukifungwa.
Na mate yale mengine, ya kuzaliwa nayo,
kibarua asiye na mshahara, anayefua jino mchana kutwa,
usiku naye hulala.
Chupa humkuta kalala.

Kisanduku cha saba kinataka meno ya mama.
Sijauliza. Kiganja chake kimeshapanda mdomoni,
kiganja kilichofunzwa kucheka kwa siri
tangu, nadhani, harusi yake.
Mwongozo unasema: uliza bila kuhukumu.
Hausemi vipi.
Navua barakoa.
Navuta shavu kwa kidole, namwonyesha pengo,
la kushoto, na jingine nyuma yake:
baba yangu naye alikuwa akileta gunia.

Anacheka. Mkono unashuka nusu.

Basi nainua mdomo wa juu wa mtoto, taratibu,
nafuta jino kwa pamba, nasubiri likauke.
Hapo, ukingoni mwa ufizi, mstari mweupe,
weupe wa chaki, si wa lulu.
Si tundu. Bado.
Jino lenye mstari huu linadai tu,
na likilipwa hurudi.

Hatari: kubwa. Naandika, kalamu inakwaruza majivu.
Napaka vanishi ya floraidi; Ailén anakunja uso
kwa ladha ya ndizi isiyowahi kuwa ndizi.
Namwambia Zulma: mswaki ushike wewe.
Chupani, usiku, maji.
Na gunia?
Ananiuliza yeye, si mimi.
Natazama fomu, mbele, nyuma.
Hakuna mahali pa gunia.

Arudi Oktoba, moshi ukiwa umetulia.

Ailén kafika ufa wa tano,
wa sita hajui unaitwaje,
anaanza upya: moja, mbili.