Safu ya Maelezo

Fomu zilikuja na boti ya Jumanne, kurasa mia,
kila ukurasa safu saba: saa, presha, joto,
makonyo yaliyoingia, maji, mafuta yaliyotoka,
na ya saba, nyembamba kama ufito: Maelezo.
"Jaza kila nusu saa," alisema kijana wa Unguja,
"tuone mtambo unakula nini, unatoa nini."
Nikamwambia mtambo huu naujua kwa mlio.
Akasema mlio hauingii kwenye kompyuta.

Basi nikajaza. Mimi Mize binti Shaame,
mwaka wa kumi na tisa hapa Wete,
kalamu sikioni, tochi kwapani.
Geji ya boila ina ufa, sindano yake
hutetemeka kati ya tatu na nne
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Naandika tatu u nusu. Si uongo,
wala si kweli hasa.

Karafuu yenyewe imeshachambuliwa mikekani,
imepimwa, imepata bei, imesafiri.
Makonyo yamebaki. "Kama sisi,"
husema Faki Mbarouk akisukuma kuni,
"lakini na makonyo yana mafuta."

Miezi mitatu. Lita za kila usiku:
thelathini. Ishirini na tisa. Thelathini na moja.
Alhamisi: ishirini na mbili.
Alhamisi: ishirini na moja.
Alhamisi, makonyo makavu, kuni tele: ishirini.

Barua ikaja. "Nani yuko zamu?"
Faki yuko zamu. Faki anaoza binti,
na nani asiyejua harusi inavyokula?
Wakampekua, wakakuta ugoro
na kipande cha muhogo. Alicheka mbele yao.
Usiku ule hakunisemesha.
Asubuhi nikakuta mwandiko wake, umebanwa
kwenye safu ya saba, ukipanda ukingoni:

*Mwanikagua mifuko, na jina langu mwakaba,*
*Moto wangu uko huko, kuni sitii kwa haba,*
*Nuseni kila mwendako, pua zenu zitashiba,*
*Kosa si langu si lako, hewa ndiyo imeiba.*

Alhamisi nikatoka nje ya ukuta, nikanusa.
Mtaa mzima ulinukia karafuu, hata foronya,
hata mbuzi wa Bi Mgeni.
Miaka yote tunasema Ijumaa ya kwetu
huja na uturi wake.
Nikarudi mbio, nikashika bomba la kupoozea.
Likaniunguza.

Maji ni yale yale: ya koili, na ya mfereji wa ukutani
tuliowafungulia jirani pampu yao ilipokufa.
Na Alhamisi usiku nani hateki?
Kanzu za kufua, watoto wa kukogesha,
birika za msikitini.
Koili hubaki na kiu, mvuke haupoi,
lita tisa zapita juu ya mapaa bila kuaga.

Nikaandika: *Maji hayatoshi. Liwekwe tangi la pili.*
Jibu: "Maelezo hayasomwi. Leta tarakimu."

Nazijua tarakimu. Husafiri peke yao,
hazibebi mama zao. Nikipeleka ile ya maji tu,
watafunga mfereji kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo leo nimekaa kwenye kidaraja cha mfereji,
nimechora safu ya nane kwa rula ya mwanangu.
Juu yake: Ndoo.
Saa mbili, kumi na nne. Saa tatu, thelathini na sita.
Bi Mgeni kauliza, "Wahesabu nini?"
"Nyinyi."
Akarudi na ndoo ya pili, asionekane fukara.
Faki kaniwekea kikombe cha kahawa.
Hakusema neno, lakini kaweka.

Saa tano, mtoto wa Riziki na kopo la maziwa.
Kajaza, kamwagia miguu nusu, kajaza tena.
Hii nayo ni ndoo?
Nimeandika *robo*.
Nimefuta.
Nimeandika *moja*.