Leo Hatuwashi

Turubai limevuliwa. Vumbi la miaka kumi na moja
limenishukia kwenye ndala,
na lenyewe limelala hapo, jekundu, bapa,
kimo chake hakinifiki kifuani:
gari la Kitaliani la ami yake Suheil,
lililokuja ndani ya kontena kutoka Maskati,
likapita Mikunguni mara tatu tu
kabla mwenyewe hajapitishwa, kwa jeneza, njia ile ile.

Silinda kumi na mbili. Kabureta sita.
Injini yake haiko mbele kama za watu;
imekaa nyuma ya viti, kisogoni mwa dereva,
mfano wa mke mwenza anayesikiliza kila neno.

"Washa, Fundi Mize," ananiambia Suheil.
"Harusi Alkhamisi."
Ameleta betri mpya, ameshaifunga.
Ameleta petroli kwenye madumu ya mafuta ya kula;
moja ameshalimimina, miye sijafika.

Sijibu. Nainama. Nanusa.
Wenzangu huanza na sikio, miye huanza na pua.

Tazama mpira huu mwembamba, utokao kwenye pampu.
Kwa nje unang'aa. Ukunje:
unapasuka vijistari, kama kisigino cha mtembea peku.
Mpira hauzeeki kwa kazi, huzeeka kwa kulala.
Na chumvi ya hapa kwetu haibishi hodi:
kibano nimekigusa tu, kimeniachia unga kidoleni.

"Si mpira tu huo, Fundi?"

Mpira tu.
Machano Pandu, aliyenifunza kushika spana,
alisema vivyo hivyo juu ya gari la daktari, kule Wete.
Tone moja likaangukia ekzosi yenye moto.
Hakulia. Alisema "Lo," kama mtu aliyesahau ufunguo,
na hadi anakufa alikula kwa mkono wa kushoto,
akiwaomba radhi watu kila sinia.

Basi tangi lishuke, lioshwe kutu.
Mipira yote itoke, hata isiyoonekana,
hasa isiyoonekana.
Vibano vya kukaza, si waya wa kufungia kuku.
Filta. Na zile washa ndogo za shaba,
ambazo jina lake peke yake lanitia hofu.
Na mtungi wa kuzimia moto, mkono wa dereva uufikie.

Suheil kanuna. Kaingia, kakaa, kazungusha ufunguo.

Kimya.

Waya wa betri niliufungua alipokwenda kupokea simu;
nati yake i mfukoni mwangu, pamoja na kashata.

Ndipo ukaingia moshi mlangoni,
na nyuma ya moshi Shangazi Mwanakheri,
chetezo mkononi, makaa yamewiva,
anakuja kulifukiza gari la mwanawe, kulikinga na husuda.
Nikatazama chini. Chini ya tangi sakafu imelowa,
kidogo, ukubwa wa andazi.

Udi hupanda. Mvuke wa petroli haupandi;
hutambaa chini kama paka mwizi,
huenda ukamtafuta mwenye moto alipo.

"Simama hapo hapo!"
Sijapata kumpigia ukelele mtu mzima.
Akasimama. Midomo ilimcheza.
Suheil akashuka, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe,
akanusa. Akanitazama.
Akamshika shangazi yake bega, akamtoa taratibu
hadi ng'ambo ya barabara, kwa muuza mbatata,
na huko akajiinamisha, akafukizwa yeye.

Kisha akarudi, kanzu kaikunja kiunoni:
"Tangi linashushwaje?"

Alkhamisi bi harusi kapanda Noah ya jirani.
Miye niko chini ya gari bado, mpira wa nne,
vigoma navisikia kwa mbali.
Nimeletewa sahani ya biriani.
Nimenawa mara tatu, harufu haitoki,
nakula hivyo hivyo, kwa mkono wa kulia.